Kirangozi Mbele, Msafara Nyuma

Kutoka Bagamoyo hadi chini ya milima ya Uluguru ni maili 119, yaani kilomita 190 hivi, na mwaka 1871 umbali huo ulimchukua Henry Morton Stanley siku 29. Siku za kutembea hasa zilikuwa 14 tu. Zilizobaki zilikwenda na mvua za masika, tope, mito iliyojaa, na kuusubiri msafara wake wa nne, uliokuwa chini ya Mnyamwezi aitwaye Maganga na uliokuwa na wagonjwa wengi. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald na alikuwa anamtafuta David Livingstone. Kitabu alichokitoa mwaka 1872 kilimpa umaarufu mkubwa Ulaya na Marekani. Ndani ya kitabu hichohicho, hata hivyo, kila kambi na kila kivuko kinaonyesha kwamba wenye kuijua njia walikuwa watu wengine.

Leo kuna biashara kubwa duniani ya kuwatembeza wageni siku kadhaa porini, wakilala kwenye mahema, mtu mmoja anayejua akiwa mbele. Wapo wanaopelekwa kwa kayaki kando ya milima ya barafu ya Alaska, wapo wanaopandishwa Kilimanjaro. Wengi hudhani ni kazi iliyobuniwa na Wazungu ikaletwa Afrika pamoja na hema na darubini. Historia ya Morogoro, chini ya Uluguru, inasema vinginevyo. Kazi ya kuongoza msafara ilikuwa imekomaa hapa, ina kanuni zake, vyeo vyake na adhabu zake, kabla mpelelezi wa kwanza kutoka Ulaya hajauona mlima Lupanga.

Mwenye kazi hiyo aliitwa kirangozi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyopanda kutoka Mrima, yaani pwani, kwenda Tabora na Ujiji, mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, kwa sababu Wanyamwezi ndio waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla Waarabu na Waswahili hawajaanza kwenda bara kwa wingi. Richard Burton, aliyepita upande wa kusini wa Uluguru mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, alimwelezea kwa kirefu: amevaa joho jekundu, kichwani ana ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, mkononi ana bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ambayo miiba ya njiani imeichana. Nyuma yake hufuata mpiga ngoma, halafu wapagazi wa pembe, halafu wa nguo na ushanga, halafu wa vyombo na mahema.

Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Mpagazi aliyejisahau akampita kirangozi alinyang'anywa mshale kutoka kwenye podo lake, na mshale huo ukawa ushahidi wa faini aliyodaiwa mwisho wa mwendo. Njia ilipogawanyika, kirangozi aliiziba ile isiyofaa kwa matawi ili aliyeko mkiani, labda nusu saa nyuma na akitetemeka kwa homa, asipotee. Kanuni hizi hazikuwa mapambo. Msafara wa watu mia mbili ukitembea mmoja mmoja kwenye njia ya upana wa futi moja huwa mrefu kiasi kwamba wa mwisho hamwoni wa kwanza, na vichaka vya Ukutu, nchi ya Wakutu chini ya Uluguru, havikuwa mahali pa kumtafuta mtu aliyepotea.

Siku ya safari ilianza kabla ya jua kuwaka. Wapagazi waliitana, mizigo ikagombaniwa, kambi ikachomwa au kuachwa kwa atakayefuata, na mwendo ukaisha kabla ya adhuhuri au baada yake kidogo. Mchana uliobaki ulikuwa wa kutafuta chakula, kukata matawi ya vibanda, kuzungushia boma la miiba na kupika. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, na msafara ambao tajiri wake alichelewesha posho ulikuwa msafara wa watoro. Mahali pasipokuwa na maji palikuwa na utaratibu wake, terekeza: watu hupika na kula kwanza, hujaza vibuyu, huondoka alasiri, hulala pakavu njiani na kuyafikia maji asubuhi ya pili. Kila neno la utaratibu huo lilikuwa Kiswahili, na Wazungu walilazimika kulijifunza kabla hawajaweza kutoa amri moja iliyoeleweka.

Mzigo wenyewe ulikuwa mzito. Mtumba wa vitambaa vya merikani au kaniki ulikaribia kilo 32, na juu yake mpagazi alibeba silaha yake, mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Na isisahauliwe kwamba katika njia hizohizo walipita pia watu waliofungwa minyororo shingoni, wakishushwa pwani kuuzwa. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru aliyepatana ujira wake na kugoma pale makubaliano yalipovunjwa. Aliyepishana naye njiani huenda alikuwa amekamatwa mwezi uliopita. Historia ya safari hizi ikisimuliwa bila watu hao huwa haijasimuliwa.

Njia za Uluguru zilikuwa mbili. Ya kusini ilifuata bonde la mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu, ikapita Dutumi na kufika Zungomero katika nchi ya Wakutu, karibu na mto Mgeta. Burton na Speke waliugua vibaya Dutumi, wakafika Zungomero wakiwa hoi. Palikuwa mahali pa mvua na homa, lakini hapakwepeki, kwa sababu ndipo misafara iliponunua nafaka na kujipanga kabla ya kuipanda milima ya Usagara. Njia ya kaskazini ndiyo iliyopita mahali ulipo mji wa Morogoro wa leo. Baadaye ikawa maarufu zaidi, na sababu moja ni mji uliojengwa na Kisabengo.

Kisabengo alikuwa Mzigua aliyejijengea nguvu kwa kuteka watu, kukusanya watoro na kutawala mahali ambapo kila msafara ulihitaji maji ya mto Ngerengere. Binti yake, aliyeitwa Simbamwene, alirithi utawala, na wasafiri wakauita mji wenyewe kwa jina hilo. Stanley alishangaa kuukuta: ukuta wa mawe wenye minara kwenye pembe, milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi, na nyumba alizozikadiria kuwa 1,000. Nyuma yake milima imesimama kijani hadi mawinguni.

Malkia huyo hakuwa mwenyeji wa kusalimiwa kwa adabu tu. Wajumbe wake walidai hongo, yaani ushuru wa njia. Stanley akajibu kwamba msafara wake uliotangulia, chini ya William Farquhar, ulikwisha kulipa, na mwenye mali halipi mara mbili. Hoja ilikuwa ya desturi, na alikuwa amefundishwa na watu wake mwenyewe. Siku chache baadaye mpishi wake alitoroka, na askari aliowatuma kumtafuta wakakamatwa Simbamwene na kunyang'anywa bunduki, hadi mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa akipita alipoingia kati wakaachiwa. Kwa msomaji wa London kisa hicho kilikuwa kioja cha safari. Kwa mtu wa Morogoro ni kumbukumbu kwamba mwaka 1871 mpita njia alikuwa na mamlaka ya kuyaheshimu hapa, na mamlaka hayo yalishikwa na mwanamke.

Mtu aliyezijua njia hizi kuliko mpelelezi yeyote ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Mwaka 1857 alipita na Burton na Speke. Mwaka 1860 alirudi na Speke na James Grant hadi kwenye chanzo cha Nile. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa askari wa Stanley, na mwaka 1873 aliondoka tena pwani na Verney Lovett Cameron, safari iliyoishia upande wa pili wa bara, kwenye bahari ya Atlantiki. Safari zote nne zilipita kwenye vivuli vya Uluguru. Shirika la Kijiografia la Kifalme la Uingereza lilimtunuku nishani ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885. Mabosi wake walibadilika, wakagombana wao kwa wao magazetini, na kila mmoja alimlaumu Bombay kwa jambo moja au jingine. Lakini kila aliyefuata alimtafuta yeye kwanza.

Kisa cha mwaka 1879 kinaonyesha vizuri zaidi nani alikuwa mhimili wa safari. Msafara wa Shirika hilohilo uliondoka Dar es Salaam ukiongozwa na Keith Johnston, mchoraji ramani. Mkuu wa wapagazi alikuwa James Chuma, yuleyule ambaye miaka michache nyuma, pamoja na Abdullah Susi na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Johnston alikufa Behobeho, kusini mwa Uluguru, tarehe 28 Juni. Aliyebaki kama kiongozi wa Kizungu alikuwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa ameshika kazi kama hiyo maishani mwake. Msafara haukuvunjika. Ulifika Ziwa Nyasa na Tanganyika na kurudi pwani karibu watu wote wakiwa hai, jambo lililokuwa nadra sana siku zile. Thomson alisifiwa, na alistahili sehemu yake. Chuma, aliyewaajiri watu, aliyegawa posho na kuamua kila asubuhi nani abebe nini, alifariki mwaka 1882 bila kuandikiwa kitabu.

Huko Ufaransa, waongozaji wa Chamonix waliunda chama chao mwaka 1821, baada ya ajali ya mwaka uliotangulia kuwaua wenzao watatu kwenye Mont Blanc. Waliandika zamu, ujira na masharti, na kwa sababu waliandika, wanatajwa kila mahali kuwa waanzilishi wa kazi hiyo. Makubaliano ya wapagazi na makirangozi hayakuandikwa. Yalishikwa kwa kinywa, kwa faini na kwa sifa ya mtu, na yalisimamia misafara ya maelfu ya watu kila mwaka.

Lakini kabla ya pembe na merikani, Uluguru ilikwishakuwa mwisho wa safari za miguu. Upande wa kusini mashariki, Kolelo, kuna pango lililokuwa na mzimu ulioheshimiwa mbali sana na milima yenyewe. Wazaramo, watu wa nyanda za karibu na bahari, waliwatuma wajumbe na sadaka kwenda kuomba mvua huko pale ukame ulipozidi. Hizo zilikuwa safari za siku nyingi, za miguu, zenye masharti ya usafi na mwenendo, na zilihitaji mtu wa kuwapokea wageni na kuwafikisha mahali patakatifu kwa utaratibu. Kinole, kwenye milima hiyohiyo, ukoo wa Kingalu ulijulikana kwa mvua vilevile, na jina la Chifu Kingalu limewekwa hadi leo kwenye soko kuu la Morogoro. Ukiiona milima hii ikikusanya mawingu kutoka Bahari ya Hindi wakati kote chini ni kiangazi, huhitaji kuelezwa kwa nini watu waliamini mvua inatoka huku. Na kwa kweli inatoka huku: mto Ruvu, unaonywewa na wakazi wa Dar es Salaam, vyanzo vyake viko Uluguru.

Mvua hiyohiyo iliuangusha mji wa Simbamwene. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar, na mafuriko ya Ngerengere yakazoa sehemu ya ukuta pamoja na nyumba kama 50. Stanley aliyakuta magofu hayo akirudi pwani. Miaka kumi baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wametua Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni Morogoro. Kisha wakaja Wajerumani, na pamoja nao aina mpya ya msafiri: mtu asiyekwenda Ujiji, bali anayetaka kupanda mlima wenyewe.

Franz Stuhlmann ndiye wa kuangaliwa hapa. Mwaka 1891 alikuwa amepanda Rwenzori hadi karibu na mita 4,000, akiziona theluji na barafu kwa jirani. Mwaka 1894 alikuja Uluguru akakusanya mimea hadi kwenye uwanda wa Lukwangule, ulio juu ya mita 2,400. Uluguru haina barafu. Kilele chake cha juu, Kimhandu, ni mita 2,600 na kitu. Ina ukungu, matope, mianzi na mteremko unaomfanya mpandaji ashike mizizi kwa mikono miwili. Msitu huu ni wa zamani mno, na umetengwa na misitu mingine kwa muda mrefu kiasi kwamba viumbe vyake havipatikani kwingine. Mwaka 1926 Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi, alipiga kambi vijijini Bagilo, Nyange na Nyingwa, na kutoka safari hiyo wanasayansi walimtambua kwaru wa Uluguru, ndege mwenye kichwa cheusi na mgongo wa kijani ambaye hadi sasa hajaonekana mahali pengine duniani. Mgeni hawezi kuyafikia makazi ya ndege wa namna hiyo, anayeishi juu kwenye matawi ya msitu wenye giza, bila mtu wa kijijini wa kumtangulia.

Kilimanjaro nako ustadi wa pwani ulifika hadi kwenye barafu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, kambi yao ya juu, mita 4,300 hivi, ilikuwa inalindwa na mtu mmoja: Mwini Amani wa Pangani. Alikaa hapo kama wiki mbili, akipika na kutunza moto usiku ambao maji yaliganda, mtu aliyezaliwa ufukweni kwenye minazi. Uchagani hutajwa pia muongozaji Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye taifa lilimheshimu mwaka 1989 katika maadhimisho ya miaka 100 ya tukio hilo. Barafu waliyoiona imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Kazi ya kuwafikisha watu karibu nayo imeongezeka kwa kasi ya kinyume.

Reli ndiyo iliyommaliza kirangozi wa njia kuu. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Mahali palipokuwa pa kupumzisha wapagazi pakawa stesheni, na wanaume waliokuwa wakijipatia ujira kwa miguu wakaanza kuajiriwa kujenga tuta na kukata mkonge. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ubebaji ulirudi, safari hii kwa kulazimishwa. Majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jan Smuts, yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kuizunguka Uluguru hadi Kisaki, na pande zote mbili ziliwakamata watu kubeba risasi na unga. Makumi ya maelfu ya wabebaji wa vita hivyo walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara na njaa. Baada ya hapo neno mpagazi halikuwa tena na fahari liliyokuwa nayo Unyamwezi mwaka 1850.

Fahari hiyo inarudi taratibu, na Kilimanjaro iko mbele. Huko wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa mlimani, wamepigania mzani getini: mzigo wa mgeni usizidi kilo 20. Ni pungufu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko mtumba wa zamani, na bado kuna wanaozidishiwa.

Morogoro ni ndogo zaidi, na kwa hiyo utu wa kazi hii unaonekana kirahisi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania imekuwa na mpango wa utalii wa kitamaduni unaowapa vijiji nafasi ya kupokea wageni wenyewe, na mjini Morogoro kikundi cha Chilunga kimekuwa kikiwapandisha watu Morningside, Bondwa na Lupanga. Msitu wenyewe, uliowekewa mipaka ya hifadhi na Wajerumani tangu mwaka 1909, ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, na kuingia kunahitaji kibali. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, kwa hiyo Jumamosi asubuhi wapandaji wengi ni Watanzania, wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi, wenye viatu vya mazoezi ambavyo havifai udongo mwekundu ukilowa.

Muongozaji huwaangalia viatu kabla ya nyuso. Huwakatia fimbo, humweka mwenye pumzi fupi nyuma yake moja kwa moja ili mwendo ufuate wa huyo, na mtu mwingine anayejua hufunga mkia. Juu ya Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani, mashamba huisha na msitu huanza ghafla. Hapo huwasimamisha watu wanywe maji, kwa sababu kuanzia hapo hadi Bondwa, mita 2,120, hakuna sehemu pana ya kukaa. Wanaotaka siku kadhaa huelekea kusini, kwenye milima ya Mgeta, ambako wenyeji huoga asubuhi kwa maji ya baridi kali na mashamba ya kabichi na njegere yamepanda mteremko hadi mpakani mwa hifadhi.

Na katika njia hizohizo, kabla mgeni hajafunga kamba za viatu, wanawake wa Kiluguru wameshashuka kutoka vijiji vya Choma na Ruvuma, wakiwa na ndizi, mboga na nyanya kichwani, kwenda sokoni mjini, na watapanda tena alasiri na chumvi na mafuta ya taa. Kijana aliyekulia vijiji hivyo anavijua vivuko, mizizi na mahali panapoteleza kabla hajawaza kumwongoza mtu yeyote, kwa kuwa alizipita njia hizo tangu utotoni akimfuata mama yake.